Mguu Mfupi wa Meza

Wiki ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha
nilikabidhiwa Kidato cha Pili B, hapa Kiborloni:
wanafunzi sitini na wanane,
vitabu vya Kifaransa kumi na kimoja, kimoja hakina jalada,
na meza yenye mguu mfupi
iliyoitika tok, tok, kila nilipoita mahudhurio.

Andalio la somo nililinakili mara tatu.
Hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, tathmini.
Hakukuwa na safu ya kuandika hofu.

Nikaanza na ile irabu isiyo na kwao katika lugha yetu.
Semeni i, nikawaambia,
halafu chongoeni midomo kama mnapuliza uji.
Darasa zima likapuliza uji.
Nje, wauza mitumba wakinadi mashati,
ndani, uji haupoi.

Kisha nikaandika ubaoni: la table.
Nikaeleza kwamba kwa Wafaransa meza ni ya kike.
Nasma akanyoosha kidole:
"Mwalimu, nani aliikagua?"

Darasa likaanguka, nami nikaanguka nalo.
Nilipopata pumzi nikamuuliza,
na wewe nani alikwambia mto na mkate ni ndugu,
huu na huu, hii na hii,
mbona hujawahi kuwadai cheti cha kuzaliwa?
"Hao tumezaliwa tukawakuta."
Basi na wenzenu walizaliwa
wakaikuta meza imeshavaa gauni.

Aikaeli wa dawati la nyuma hakucheka.
Baba yake ni mpagazi, hupanda na mizigo ya wageni
kupitia Marangu, siku tano, siku sita,
na Kifaransa chake ni maneno matatu:
maji, baridi, inauma.
Kengele ilipolia mtoto akaja mezani.
"Nimechoka, wanasemaje?
Hilo baba hajawahi kuambiwa."
Nikamwandikia kiganjani, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Jumatano Mwalimu Kiwelu wa nidhamu
akaniletea kibao chenye kamba ya katani.
Atakayeteleza akasema Kiswahili, au Kichaga,
avae shingoni mpaka amnase mwenzake.
Kibao kwetu kina maana nyingi:
kuna cha kukunia nazi,
kuna cha shavuni,
na hiki, ambacho bibi yangu alikivaa Kilema siku nzima
kwa neno moja lililomtoka alipojikwaa.
Alilisimulia hilo jiwe mpaka uzeeni.
Neno lenyewe hakulitaja tena.

Chuoni walituonya:
mwalimu mwanafunzi habishani na wenyeji wake.
Sikubishana. Nilisema asante,
nikasubiri ofisi itulie kwa chai na maandazi,
nikarudi Pili B peke yangu,
nikapiga magoti.

Alhamisi mkufunzi alikuja na fomu yake ya kunikagua,
akabanana na Aikaeli kwenye dawati la nyuma.
Mikono yangu ilijaa chaki hadi kwenye kiwiko.
Nilikosea herufi moja, Nasma akanisahihisha,
mkufunzi akaandika kitu, sijui kunihusu au kumhusu.
Lakini niliandika mahudhurio yote, majina sitini na nane,
na meza haikusema kitu.

"Kile kibao," Kiwelu akaniuliza mchana, "kinafanya kazi?"
Kinafanya, mwalimu.
Tangu jana sijasikia kelele.

Ijumaa mvua ilinyesha, mlima haukuonekana,
nusu ya darasa ilichelewa na viatu mkononi.
Aikaeli alinisubiri mlangoni, kiganja kimeoshwa.
"Baba anashukuru.
Anasema lile la kuchoka ni refu mno,
pumzi inakwisha kabla halijaisha.
Anauliza kama lipo fupi."

Nikasimama pale kizingitini na rejista kwapani,
nikilitafuta.