Kizibo

Pingili tatu za mwanzi, zimefungwa kwa ugwe mmoja:
ya popoo, ya tambuu, ya chokaa.
Ntahondi alizikata kwao Heru Juu,
akazichora kwa ncha ya kisu cha moto
meno ya msumeno, safu juu ya safu,
na mstari mmoja uliokwenda upogo
kwa sababu, alisema, mbwa alibweka.

Bibi alikataa kijaluba cha bati.
“Bati hujisemea ovyo pindoni,” alisema.
Mwanzi unanyamaza.

Popoo zilikuja Ujiji kwa treni,
zikafika zimekauka kama salamu za shemeji.
Chokaa aliichoma mwenyewe uani Kitongoni:
makombe ya konokono wa ziwani,
niliyoyaokota mimi, kikapu kwa kipande cha kashata.

Zamani alikizibua kizibo kwa meno.
Kisha meno yakaanza kuhama, moja moja,
kama wapangaji wanaodaiwa kodi,
akawa ananiita:
“Mwavita, njoo unizibulie.”
Nami nilikuwa na meno ya utotoni, makali.
Niling’ata ule mti wa mkuyu, nikazungusha kichwa,
tap!
Chokaa ikaniunguza ulimi.
Bibi akacheka hadi mate mekundu yakamchuruzika kidevuni.

Daktari wa Maweni alimmulika kinywani kwa tochi,
akaizima,
akaandika kwa muda mrefu.
Bibi aliacha kutafuna. Kuniita hakuacha.
Nilizibua, akanusa, nikaziba.
Basi. Kila alasiri.

Baada ya arobaini waligawana.
Shangazi Sikudhani, cherehani.
Baba mdogo, kitanda cha besera, na ugomvi juu yake.
Mimi nikatupiwa mianzi,
“Chukua, wewe ndiye ulikuwa mzibuaji.”

Wa popoo uko mtupu.
Wa tambuu una vumbi la kijani, ukipuliza linakwisha.
Wa chokaa umegoma. Imeganda ndani, imekuwa jiwe,
nikiutikisa hausemi kitu.
Nilileta kisu. Nikakirudisha jikoni.

Maana kizibo kina alama:
juu mabonde mapana, ya kwake,
chini yake vitobo vidogo vidogo vyangu,
vimebanana kama watoto kwenye jamvi la chuo.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nikakitia kinywani, gizani, taratibu, bila kuking’oa.
Vitobo vyangu vilinikataa.
Lakini yale mabonde yake,
jino kwa jino,
yakanipokea.