Kwenda na Kurudi

Saa kumi na mbili kasorobo. Blaž amelala kifudifudi,
mkono mmoja umening'inia hadi sakafuni
kama wa mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
Nashuka. Ngazi ya tatu, ya tano.
Ya nne naruka, ina mdomo.
Viatu vimelala nje, vimelowa umande.
Kamba ya kushoto ni ya rangi ya waridi,
nimeiazima kwa Tinkara, mwenyewe hajui.

Siku tano nimekaa nyuma ya kioo, stesheni ya Jesenice,
nikiwakatia wengine tiketi:
kwenda Ljubljana, kwenda na kurudi,
kwenda tu.
Chini ya meza miguu yangu
ilikuwa ikisikiliza.

Leo zamu yake.

Mto Sava umejifunga ukungu kiunoni.
Napita mizinga ya nyuki ya jirani Rupnik,
kila mmoja na picha mlangoni, rangi zimechunika;
ninaoupenda una mbweha akimnyoa mwindaji ndevu.
Napita chanja za majani makavu.
Ng'ombe wananitazama kwa ile huruma yao
kwa viumbe wanaokimbia bila kufukuzwa.

Mimi si mwepesi, niseme mapema.
Mwaka jana, mbio za kilomita kumi,
nilipitwa na bwana aliyesukuma kigari cha mapacha.
Mapacha walinipungia mkono.
Mbavu zinachoma, pumzi inapanda kwa kukohoa
kama maji ya pampu mbovu,
halafu, karibu na daraja la mbao,
kitu fulani hunyamaza.
Hakuna anayeuliza soksi ziko wapi.
Hakuna anayeuliza.

Jumapili twende Bohinj, ziwani.
Tunatandika blanketi lenye harufu ya mbwa
aliyetufia mwaka juzi. Hatulifui sana,
wala hatuambiani kwa nini.
Blaž anakata mkate kwa kisu cha mfukoni.
Gašper anarusha vijiwe majini, anahesabu miruko,
anatia chumvi: "Saba!"
Mimi nimeona mitatu.
Nami nimeamriwa kupumzika.
Najitahidi. Nalala chali na viatu vyangu vya mbio,
natazama theluji iliyobaki mlimani,
maziwa pembeni mwa mdomo wa mtoto,
lakini vidole vya miguu vinaendelea na safari yao.

Tinkara, miaka sita, ananikalia tumboni.
"Mama, kila Jumamosi unamkimbia nani?"

Kisu cha Blaž kimesimama katikati ya mkate.

Ona herufi moja inavyoweza kumvua mtu nguo hadharani.
Nakimbia: ni mazoezi.
Namkimbia: ni kesi.
Nilitaka kusema, simkimbii mtu, mwanangu,
ila kuna asubuhi mbili, labda tatu,
nilifika darajani nikaitazama barabara ya ng'ambo
inavyopinda na kupotea misonobarini,
na bei ya tiketi ya kwenda tu
naijua kwa moyo. Ndiyo kazi yangu.

"Nakimbia mpaka darajani," nikamwambia.
"Halafu?"
"Halafu nageuka."
Akafikiri sana. Akaona ni upuuzi.
"Basi nikimbize mimi."

Nikainuka, mapaja ya jana yakinung'unika,
tukakimbizana ukingoni, kokoto zikiruka,
Gašper akatupa vijiwe vyake vyote mara moja
(hiyo ndiyo saba yake), akatufuata,
na Blaž nyuma kabisa, mkate mkononi,
akikimbia kama mtu anayewahi treni
asiyejua inaenda wapi.
Maji yalitufika magotini.
Tulipiga kelele ambazo si za siku ya Bwana.

Tulipokaa kujikausha, Tinkara akakiona kiatu.
"Kamba hii ni yangu."
Nikasema ndiyo.
Sikuwa na la kuongeza.
Akapiga magoti kwenye kokoto, ulimi nje,
akaifunga fundo, akaifunga tena,
akaivuta mpaka ikaniuma.
"Isije ikakufungukia," akasema, "ukiwa mbali."