Tunapishana na ya Mizigo

Behewa lenyewe ni la mbao nyepesi na bati,
limepakwa rangi ya krimu na kahawia,
limeegeshwa kati ya bembea na magari ya kugongana
huku chini Moshi, upande wa Pasua.
Mlangoni kijana kavaa kofia ya ukingo mweusi,
kapuliza filimbi:
"Abiria karibuni, daraja lolote!"
Baba akamtazama miguuni. Raba nyeupe.
Hakusema neno. Akapanda.

Wazo lilikuwa langu.
Ametimiza sabini na sita, nikasema
mwaka huu tutoke, na Kiure naye
anawalilia farasi wa plastiki tangu Pasaka.
Wifi alicheka mpaka akakohoa:
"Mtu wa reli unampeleka kwenye treni ya chipsi?"

Menyu ni tiketi, imetobolewa pembeni.
Daraja la tatu: chipsi mayai.
La pili: ndizi nyama, kachumbari bure.
La kwanza: kuku mzima na juisi ya parachichi
kwenye glasi yenye mwavuli.
Baba akaagiza la tatu.
"La kwanza," akasema, "nimezoea kulimulika kwa nje."

Madirishani safari imechorwa:
mkonge, vichuguu, mkonge tena,
na majina ya stesheni kwa rangi nyekundu.
Kidole chake kikatembea juu ya kioo, kikasita.
"Kutoka Moshi, Makanya haiwezi kuitangulia Same."
Nikamwambia, Baba, ni mapambo tu.
"Mapambo,"
akalirudia neno kama anayeonja chumvi.
"Mama yako alipandia Makanya na kapu la tangawizi,
akashuka Kahe usiku, akauliza njia
kwa mwenye taa. Mwenye taa ni mimi.
Sasa wewe isogeze Makanya,
uone kama utazaliwa."

Tukala. Kiure akajipaka tomato hadi kiwiko.

Bili: elfu arobaini na saba na mia tano.
Nikabonyeza namba ya siri, nikasubiri.
Simu kimya. Kijana wa kofia akakuna shingo:
"Mtandao, dada. Meseji haijaingia."
Dakika tano. Kumi. Jasho likanitoka la aibu
kana kwamba fedha sina.
Kiure akapiga dirisha lililochorwa:
"Babu, mbona treni haiendi?"

Baba akajifuta mdomo,
akakikunja kitambaa cha karatasi, cha kijani,
mara mbili, polepole.
"Njia ni moja, mjukuu wangu.
Sisi tumeingia pembeni. Tunapishana na ya mizigo."
"Imebeba nini?"
"Saruji ya Tanga. Nzito, haipendi kusimama."
"Iko wapi?"
"Lembeni imeshaiachia. Kengele nimeisikia."

Meza ya jirani, wawili waliokuwa wakipigana picha
wakashusha simu. Kijana wa kofia
akaegemea kiti chetu, trei kwapani.
"Na ikichelewa, mzee?"
"Unakaa."
"Mpaka saa ngapi?"
"Mpaka ipite. Wenzangu wawili hawakuweza kukaa.
Mmoja alizikwa Hedaru."

Halafu tukasikia nje kitu kinakuja:
kile kitreni cha watoto, vibehewa sita vya rangi rangi,
kikipiga kinanda chake kibovu,
kimejaa vitoto na pamba za sukari.
Baba akasimama. Magoti yakalia.
Akatoa mkono kwenye dirisha pekee lisilo na kioo,
kitambaa cha kijani mkononi,
wala hakukipunga. Alikishika tu, wima.
Dada anayekiendesha kile kitreni, kajifunga mtandio,
akainua mkono naye,
bila kujua kwa nini, nadhani.

Behewa la kwanza. La pili. Baba alihesabu mdomoni
mpaka la sita, akaliangalia la mwisho
hadi likakata kona kwenye choo cha wanaume.

Mezani simu ikatetema. Imethibitishwa.

"Njia nyeupe," Baba akamwambia kijana.
"Sasa puliza."

Kijana akaniangalia mimi, akamwangalia yeye,
akaiweka trei chini.
Akapuliza,
na Kiure akaishika meza kwa mikono miwili.