Bawa la Mlali

Liliingia Kizota juu ya fuso la mbuzi,
limefungwa kwa kamba za katani,
mavi makavu yangali yameganda mbavuni.
Yoeli akalizunguka mara tatu, akaligonga kwa konzi,
akatega sikio kama anayenunua tikiti.
"Alumini ya zamani," akasema.
"Siku hizi hakuna anayetengeneza hivi."

Miaka arobaini lilikuwa paa la banda
kwa Mama Madeje, Mlali, wilaya ya Kongwa.
Kabla ya hapo, kila mtu na lake:
ndege ilileta Wazungu wa karanga, ikachoka pamoja nao;
rubani alishuka kuomba maji, akaoa;
haikuwahi kuruka hata siku moja.
Mama Madeje hakutaka hadithi.
Alitaka bati ishirini, geji ishirini na nane,
akazihesabu mbele yetu, akarudia kuzihesabu,
kisha akauliza:
mvua ikinyesha, hizi zitalia kama lile?
Tulitazamana. Tukapakia.

Mimi Sechelela ndiye wa msasa.
Naanza na namba themanini, ule unaong'ata,
mia na ishirini, mia nne,
mpaka elfu mbili, laini kama ulimi wa ndama,
halafu dawa, halafu kipande cha khanga kuukuu.
Usiku nikipenga kamasi, zinatoka za fedha.

Ribiti mia saba na kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa kidole gumba.
Ribiti haipigwi na mtu mmoja:
huyu ana nyundo, yule upande wa pili
amekingia chuma, hamwoni mwenzake.
Waliongea nini, wale wawili, siku nzima,
na bamba la bawa katikati yao?
Labda mshahara. Labda mmoja alikuwa na jino bovu.

Siku ya tano tukaligeuza.
Chini ya masizi na utando wa buibui
nikakuta maandishi ya msumari,
mkono wa mtoto aliyejibanza na mbuzi mvua ipite:
mistari ya kuhesabia, mitano mitano,
jina, YONA, N yake imeangalia nyuma,
na pembeni, kwa kukandamiza sana,
7 × 8 = 54.

"Futa," alisema Yoeli. "Mkurugenzi anataka kioo.
Milioni kumi na nane si za kununulia mikwaruzo."
Nikaitika. Nikachukua msasa.
Nikauweka chini.
Nikapaka vanishi juu ya Yona na hesabu yake,
mikono miwili, nikaacha ikauke.

Tulilipeleka Mtumba Jumamosi, mji hauna watu,
upepo unasukuma vumbi kwenye barabara mpya.
Lifti ililikataa.
Tukapanda nalo ngazi, sita sisi, tukipumzika kila kona,
hadi ghorofa ya nne:
ndiko juu kabisa lilikofika tangu tulijue.
Likakaa juu ya miguu yake ya mninga.
Mkurugenzi akapitisha kiganja,
akajiona, akarekebisha tai.

Hapo ndipo anaposaini.
Makadirio, malipo, mafuta ya magari,
karatasi baada ya karatasi zinateleza juu ya bawa,
na chini, inchi chache juu ya magoti yake,
saba mara nane imekaa kwenye jibu lake,
haimsumbui mtu.

Mvua ya kwanza ilikuja Desemba, usiku, kwa hasira.
Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.
Mama Madeje.
Mbuzi hawajalala, anasema, bati zinapiga makelele,
zimewatia wazimu, beberu amevunja mlango.
Lile la zamani mngali nalo?
Nikamwambia: Mama,
lile limepata kazi serikalini.
Kimya.
Kisha akacheka, akacheka,
nyuma yake nasikia zile bati,
mpaka salio lake likaisha.