Akiba ya Mshono

Toka Tunduma nimelipakata begi la buluu.
Kondakta kasema, liweke chini ya gari;
nikamjibu, kaiweke huko roho yako.
Ndani yake gauni la mdogo wangu Nyanjura,
miezi mitatu ya cherehani, shanga mia sita na kumi,
vipimo nimetumiwa kwa simu, namba tupu,
maana mwili wake niliuacha na miaka kumi,
unaruka kamba.

Iringa jioni. Dodoma usiku wa manane.
Singida tairi. Shinyanga tairi jingine,
dereva akamtukana aliyemuuzia, na ukoo wake.
Nyegezi tukashuka giza limeshaingia,
nikainama kufunga kiatu,
sekunde ngapi hizo?

Gesti ya Kirumba, maji ya moto kwa ndoo,
nikafungua begi la buluu:
tarumbeta.
Shaba imebonyea ubavuni. Soksi moja.
Kadi ya mwaliko: ukumbi, Pasiansi, leo.

Sikulia. Fundi halii, hupima.
Bodaboda ikanipitisha chini ya yale mawe
ambayo Mwanza imeyajengea nyumba mgongoni,
upepo wa ziwa unanuka dagaa wa Mwaloni,
na kila tuta tarumbeta linanigonga goti.

Mlangoni kamati wakaliona:
"Hatimaye! Tunakungoja tangu saa moja!"
Wakanisukuma mbele. Nasema, siye mimi.
Nani asikie, ngoma ile?

Mwenye tarumbeta, Lugwisha, alikuwa jikoni,
amekalia kreti la soda, begi langu mapajani.
"Nimefungua nusu," akasema, "nikaona nyeupe.
Nikafunga. Tangu hapo naogopa hata kukohoa."

Ningeondoka palepale, begi kwa begi, kwaheri.
Ila nyuma ya pazia mtu analia:
zipu ya bibi harusi imepasuka, kiuno hadi shingo.
Mbuke, ndilo jina lake, ameshikilia nguo kifuani
kwa mikono miwili,
na mama yake anaisoma Zaburi kwa hasira.

Sindano hulala kwenye kola yangu siku zote.
Nikapiga magoti juu ya maganda ya vitunguu
nikamshonea Mbuke ndani ya gauni lake, mgongo mzima,
kwa uzi uliokuwa wa Nyanjura.
"Sasa atatokaje?" shangazi akauliza.
"Mumewe hana mkasi?"
Jiko zima likacheka, hata yule wa Zaburi.

Wakanilisha pilau. Mshereheshaji akanitangaza
mgeni rasmi kutoka Zambia.
Lugwisha akapuliza mpaka shingo ikafanana na mguu,
nami, niliyesema nitakaa dakika tano,
nikacheza na baba wa watu nisiyemjua
mpaka saa tisa za usiku.

Meli ya asubuhi ikaniacha usingizini.
Ya mchana ikanivusha, begi kichwani kwangu kama mto,
mkono umepita kwenye mshipi wake mara mbili.

Nansio, mama gatini. Hakunikumbatia kwanza.
Akaliangalia begi.
"Ndilo?"
"Ndilo."
Hapo ndipo akafungua mikono.

Usiku Nyanjura akalivaa. Likapanda,
likapanda, likakwama tumboni.
Tukatazamana kwenye kioo.
Miezi minne, labda mitano,
ambayo haikuwemo kwenye zile namba.
Sebuleni mama anahesabu sahani kwa sauti.

Sikumuuliza kitu.
Kila gauni huliachia akiba ya mshono,
vidole viwili kila upande,
kwa sababu miaka kumi na mitatu ya kazi hii
sijaona mtu anayeiambia tepu ukweli.
Nikafumua. Akiba ikatosha.

Uzi ndio haukutosha. Mwingi ulikuwa Pasiansi,
mgongoni mwa mke wa mtu.
Nikatoka kwa mlango wa uani, nikambishia jirani Masatu,
nikaazima uzi wa nyavu, ule mweupe,
ule ambao sangara mwenyewe
hukata tamaa kwanza.