Upande wa Pili wa Ufunguo

Jikoni mwetu siku hizi hamna nafasi ya sufuria.
Ndani ya oveni, badala ya mkate, kuna udongo;
kabatini, kando ya siki, chupa mbili za rezini
na mwandiko wa mke wangu: SI SIKI, IDWAL.

Tegwen ana miaka sitini na mmoja
na anatengeneza ufunguo usiofungua chochote.

Aliuona akiwa msichana, sinema ya Jumamosi,
viti vinanuka moshi na makoti mabichi:
malkia wa sayari iliyokufa anauinua
mbele ya lango la nyota. Sekunde kumi na moja.
Nimezihesabu. Sote tumezihesabu, hata paka.
Anasimamisha picha, anasogea mpaka pua iguse kioo,
anapima meno kwa rula,
anayalinganisha na kidole gumba cha malkia.
"Sentimita kumi na nne," anasema, "na ushee."

Lakini kamera ilisimama upande mmoja tu.
Upande wa pili umezibwa na kiganja,
na kiganja hakikufumbuka
hadi jina la mwisho lilipopanda na kutoweka.

Mwaka ule tanuru la Port Talbot lilizimwa.
Miaka ishirini na sita ya chuma,
nikarudi nyumbani na buti, chupa ya chai,
na mikono isiyojua pa kukaa.
Nikawa namtazama akikwangua udongo
kwa mswaki uliokatwa, kwa sindano ya kufumia,
kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
"Mwigo wa kitu cha uongo," nikamwambia, "ni uongo mara mbili."
Hakuinua kichwa.
"Unanikinga mwanga," akasema.

Kuta za kalibu alizijenga kwa matofali ya plastiki
ya mjukuu wetu Macsen: nyekundu, njano,
na dirisha moja lililosahaulika.
Akapaka mafuta ya mgando, akamwaga silikoni
taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Ufunguo wa kwanza ulitoka na ndui, mapovu kila mahali.
Wa pili ulikosa jino.
Wa tatu haukukorogwa vizuri, ukabaki unanata
kama peremende iliyosahauliwa mfukoni.
Wa nne

aliugeuza, akanipa.
Mgongoni, kamera isikofika,
alikuwa amechonga nambari: 4471.
Nambari ya kadi yangu ya zamu.
Nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Machi tukapanda treni hadi Cardiff, kwenye maonyesho.
Ufunguo wenyewe, ule wa malkia, ndani ya kabati la kioo,
na nyuma yake wameweka kioo cha kujitazamia.
Tegwen akainama. Nami nikainama.
Mbao. Mbao tupu, gundi iliyokauka rangi ya chai,
skrubu moja iliyopinda, na kipande cha utepe
kilichoandikwa kwa kalamu: *upande huu usionekane*.

Akacheka mpaka mlinzi akasogea.
Kwenye treni hakusema neno hadi Bridgend.
Nikajua usiku atachukua msasa aifute nambari,
kwani kazi yake ni kufuatisha, na sasa ameona.

Akapangusa kalibu. Akapaka unga wa shaba kwa brashi,
na kabla hajavifunga vile vipande viwili
nikaiona 4471 imeandikwa kinyume,
inasomeka kama ya mtu mwingine.
Akapima vikombe viwili, sawa kwa sawa,
akakoroga, akatazama saa, akanisogezea.
"Dakika tatu inaganda. Mimina wewe.
Kutoka juu, uzi mwembamba. Usitetemeke."

Nimesimamia tani mia tatu za chuma kwa mkupuo mmoja
na sikuwahi kuambiwa nisitetemeke.
Nikatetemeka.
Uzi ukashuka, ukaingia tunduni bila kelele.

"Sasa weka mkono," akasema.
Nikaweka. Kalibu lilikuwa linapata moto,
lenyewe, bila makaa, bila mvukuto,
juu ya meza yetu ya jikoni,
na paka akaja, akajilaza kando yake.