Milimita Tatu

Mara ya kwanza herufi zilitoka ndogo.
FAMASI KAHAMBU, sentimita sitini, nilipima mwenyewe
kwenye kioo chake, yeye kashika ncha ya utepe
akiniambia nisiguse fremu, rangi haijakauka.
Zikatoka hamsini na saba na nukta sita.
Nikafungua dirisha la kuchapia, na palepale,
kwa unyenyekevu wote: "Tosheleza ukurasa."
Nani katia alama hiyo? Paluku anaapa si yeye.
Paluku huapa haraka.

Mara ya pili zilitoka sitini, na zinasomeka.
Hilo ndilo kosa.
Stika inabandikwa ndani, isomwe na aliye nje,
kwa hiyo lazima itoke kinyume.
Nami nilikuwa nimeigeuza kwenye kompyuta.
Mashine nayo, kwa hisani yake, ikaigeuza tena.
Ukimgeuza mtu mara mbili umemrudisha alikotoka,
ila mtu hali vinili.

Mara ya tatu umeme ulikatika katikati ya S.
Hiyo sihesabu.

Mara ya nne: sitini kamili, kinyume, kijani safi.
Kisu kikaanza kwa adabu. F, ukingoni kabisa.
A nzuri. M nzuri.
Kufika K kinachepuka,
na kwenye U ya mwisho kimekula rangi milimita tatu
na upande wa pili kimeacha ukingo mtupu,
kama shati lililofungwa kifungo cha jirani.

Nikalisafisha jicho linalosoma alama.
Nikapunguza mwendo.
Nikabadilisha kisu, kile cha mwisho,
nilichokitunza kama ada ya shule.
Milimita tatu. Tena. Palepale.

Saa tano usiku. Paluku amelala juu ya maboksi.
Birere imenyamaza, imebaki redio ya mlinzi
na jenereta moja mbali, inayokohoa.
Kofia ya kalamu ikaniponyoka,
ikaviringika yenyewe, bila haraka,
kutoka mguuni pangu hadi ukutani.

Nikaketi nikaitazama.

Sakafu hii mwenye nyumba aliimwaga juu ya mawe ya volkano
yangali, wanasema, na joto,
bila kuyasawazisha; alitaka paa kabla ya mvua.
Miaka sita natembea humu nikidhani nimesimama wima.
Meza imeegemea upande wa ziwa,
na roli linateleza nayo, unywele kwa unywele.
KINYOZI haikuonyesha kitu. BIA BARIDI haikuonyesha kitu.
Ilihitajika jina refu.

Nikatoka uani na tochi ya simu,
nikaokota kijiwe cheusi chenye matundu
(hivyo hatununui)
nikakisukuma chini ya mguu wa meza.
Kofia ya kalamu nikailaza juu.
Ikatulia.

Asubuhi tulipalilia herufi kwa sindano,
matumbo ya A, matumbo mawili ya B,
Paluku ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.
Kahambu alikuja na ndoo ya maji ya sabuni.
Hii ni famasi yake ya tatu. Ya kwanza
iko chini ya barabara, watu wanapita juu yake na chukudu.
Ya pili, kodi.
Kioo alikisugua mwenyewe, hakutaka msaada.

Tukanyunyiza, tukabandika,
nikasukuma mapovu kwa kadi ya simu, katikati kwenda nje,
na yeye akatoka kusoma.
Alikaa huko muda mrefu, mikono kiunoni.
Kisha akagonga kioo
na mimi, ndani, jina lake kinyume, uso wake sawa,
nikaona kidole kinachoonyesha U ya mwisho:
"Imeshuka!"

Si stika, mama. Ni fremu.
Nikapapasa mfukoni
kama nimebeba kijiwe kingine.